Daftari la Bahari ni Amana ya Nani?



Iko ilimu ambayo mtu huitafuta leo na kesho akaila faida yake, kama ilimu ya ushoni na ya useremala. Na iko ilimu nyingine ambayo aianzaye hufa hajaiona faida yake, na pengine mwanawe naye hufa hajaiona, kisha huja mjukuu akaikuta imeiva. Ilimu ya namna hii ya pili ndiyo tutakayo kuinena katika ukurasa huu. Wenye kuishughulikia katika nchi nyingi hivi sasa wamo katika shauri la namna ya kuihifadhi kwa miaka hamsini na mia ijayo, na sisi watu wa pwani, ambao bahari yetu ni moja katika vitu vipimwavyo, hatumo katika shauri hilo, wala wengi wetu hatuna khabari kwamba lipo.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Mtu akitaka kuijua hali ya msitu, au ya mto, au ya miamba ya matumbawe, hawezi kuijua kwa kwenda kuitazama mara moja. Atakayekwenda leo akakuta samaki kumi hajui kama kumi hao ni wengi au ni wachache, mpaka ajue mwaka jana walikuwa wangapi, na mwaka juzi, na zama za babu yake. Kwa hivyo wanavyuoni wa mambo haya huchagua mahali, wakapapima kwa njia moja isiyobadilika, mwaka baada ya mwaka, joto la maji na kina chake, samaki na mikoko, na yote wakayaandika katika daftari lisilokatika. Huko Rothamsted, Uingereza, liko shamba la ngano lililoanza kupimwa mwaka 1843 na mpaka leo lapimwa. Marekani waliweka vituo vyao vya namna hii mwaka 1980, na mwaka 1993 vituo vya nchi mbalimbali vikaunganishwa katika mtandao mmoja. Na hapa kwetu, katika bandari ya Kilindini, hatua chache kutoka katika nyumba zetu za Ganjoni, maji kujaa na kupwa kwaandikwa kwa kipimo ambacho hesabu zake zipelekwazo kwa wenzetu wa dunia zaanzia mwaka 1986. Mwaka 1987 mtaalamu Tim McClanahan alianza kuyahesabu matumbawe na samaki wa miamba ya pwani hii, na hesabu hiyo imeendelea. Na ukisimama katika Bandari ya Kale ukatazama ng'ambo ya maji, huko Mkomani, ndiko iliko taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyoanzishwa mwaka 1979.

Faida ya daftari kama hili yajulikana siku ya msiba. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe kama mifupa, kisha mengi yakafa. Mvuvi aliona, na kila mwenye kupiga mbizi aliona. Lakini kuona kwamba kitu kimekufa si sawa na kujua ni kiasi gani kimekufa, na wapi kimeanza kufufuka, na wapi hakikufufuka. Hayo yalijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliohesabu kabla ya msiba, wakati ambapo hapakuwa na jambo lolote la kuwatia khofu, na pengine wakati wenzao wakiwauliza wanahesabu nini. Mwaka uliofuata, 1999, ndipo lilipoanzishwa shirika la CORDIO, ambalo kwa upande huu wetu wa bahari makao yake yako hapa Mombasa, ili matumbawe yatazamwe kwa zamu zisizokatika. Na joto hilo limerudi mara nyingine. Mwezi wa Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba kubabuka kwa matumbawe kwa dunia nzima kulikuwa kunatokea kwa mara ya 4.

Basi swala letu ni hili: Je, daftari hili ni amana juu ya shingo zetu, tutakayoulizwa siku ya Kiyama? Au ni anasa ya mataifa tajiri, ambayo sisi maskini tumesamehewa?

Akisema mtu: Watu wana njaa, watoto hawana karo, na nyinyi mwataka mali itumike kuhesabu majani ya baharini? Twamjibu kwamba maneno haya si mageni, yalisemwa mbele ya Sayyidna Omar (R.A.) na watu walio bora kuliko sisi na kuliko yeye. Waislamu walipoifungua ardhi ya Iraki, ile iitwayo Sawadi, yenye mashamba na mito, wapiganaji walitaka igawanywe baina yao kama ngawira nyingine. Na katika waliolitaka hilo walikuwamo masahaba wakubwa, akiwamo Bilal (R.A.). Hawakuwa walafi, walikuwa na haki wanayoidai na watu wao walikuwa na haja. Omar alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikigawanywa leo, hawa wakairithisha wana wao, watakaokuja baada yao watakuta nini? Akashauriana na watu kwa siku kadhaa, wakabishana naye vikali, mwisho shauri likakata kwamba ardhi ibaki mikononi mwa wenye kuilima, na kharaji yake iwe ya Waislamu waliopo na wasiozaliwa bado. Kisha akafanya jambo ambalo wasomao kisa hiki mara nyingi hulipita mbio: akamtuma Othman bin Hunaif akaipime ardhi ile. Hakutosheka na kusema kwamba wajao wana haki. Aliona kwamba haki isiyopimwa haihifadhiki.

Ewe msomaji, zingatia. Watu ambao hawajazaliwa waliwekwa katika hesabu ya mali ya umma, na haki yao ikashindana na haki ya walio hai, wenye silaha mkononi, na ikashinda. Baada ya hili hatuoni vipi mwanachuoni wa Kiislamu aweza kusema kwamba mambo ya miaka mia ijayo si ya dini.

Tena wako wadhanio kwamba kupima vitu vya dunia kwa miaka mingi ni mtindo wa Wazungu. Hawa twawapeleka Misri. Katika kisiwa cha Rauda, mjini Kairo, iko nguzo ya mawe imesimama ndani ya kisima kilichounganishwa na mto Nili, imechorwa dhiraa na vidole. Ni Miqyasi, kipimo cha mto, na hii iliyopo ilijengwa mwaka 861, yaani 247 wa Hijra, kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil. Kila mwaka mto ulipojaa mwenye kazi hiyo alishuka, akasoma, akaandika. Kwa kipimo hicho ilijulikana kama mwaka utakuwa wa neema au wa dhiki, na kharaji ikatozwa kwa kadiri yake, ili mkulima asidaiwe asichokivuna. Hesabu zilizokusanywa kutoka katika vitabu vya waandishi wa tarikhi zaanzia mwaka 622, ambao ndio mwaka wa Hijra yenyewe, zikaendelea karne baada ya karne. Hapana mto duniani uliopimwa na wanadamu muda mrefu hivyo.

Sasa tazama mambo ya Mwenyezi Mungu. Mwaka 1906 alifika Misri Mwingereza mmoja, Harold Edwin Hurst, akakaa huko miaka mingi akiuchunguza mto Nili. Swala lililomkabili lilikuwa la kujenga: bwawa la kuhifadhi maji ya mto huu liwe kubwa kiasi gani, ili nchi isife kiu katika miaka mibaya? Akazichukua hesabu zile za Miqyasi, za karne na karne, na mwaka 1951 akatangaza alichokigundua. Miaka ya maji mengi haiji imetawanyika ovyo kama dado irushwavyo. Huja kwa mafungu, na miaka ya ukame nayo huja kwa mafungu, mmoja ukivuta mwingine. Kwa hivyo bwawa lililopimwa kwa hesabu ya miaka michache lingekuwa dogo, na likikutana na fungu la miaka mikavu lingeisha. Baadaye, mwaka 1968, mtaalamu wa hisabu aitwaye Mandelbrot na mwenzake walilipa jambo hili jina la Nabii Yusuf (A.S.), kwa sababu ya ile miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Nasi twasema kwamba wasomaji wa Sura ya Yusuf wangalistahiki kulipa jina hilo kabla yao!

Yule mtumishi wa Miqyasi, aliyeshuka ngazi asubuhi katika zama za Fatimia, miguu ikiwa ndani ya maji, hakujua habari za bwawa. Alikuwa akifanya kazi ya serikali kwa ajili ya kharaji ya mwaka ule. Lau angaliacha kuandika kwa kuwa mwaka ule haukuwa na lolote la ajabu, kisima cha ilimu kingalitoboka. Ndipo twapata kanuni moja katika mambo haya: mwaka usio na khabari nao ni khabari, na mwenye kupima hana ruhusa ya kuchagua miaka impendezayo. Wenye ilimu ya hadithi watalifahamu jambo hili upesi, maana wao ndio wajuao kwamba mnyororo wa wapokezi ukikatika pamoja tu, uzito wa khabari yote wabadilika.

Muda nao ni mzozo mkubwa katika shauri hili la leo. Wenye kutoa mali, serikali na mashirika ya ng'ambo, hupenda kazi ya miaka mitatu, na ikizidi sana mitano, kisha waonyeshwe matunda. Na matumbawe yale makubwa ya duara mengine hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Mzozo huu pia ni wa kale. Nasiruddin al-Tusi alipotaka kujenga nyumba ya kutazamia nyota huko Maragha mwaka 1259, alimwambia mfalme Hulagu kwamba kazi yataka miaka 30, kwa sababu nyota ya Zuhali huchukua takriban muda huo kuuzunguka mzunguko wake. Hulagu, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameuteketeza mji wa Baghdadi na vitabu vyake, alitaka kazi imalizike kwa miaka 12. Kila mtu atajua mwenyewe afuate shauri la nani. Tusi alikuwa akisema neno la akili nyepesi kabisa: urefu wa kazi hukatwa na kile kipimwacho, haukatwi na subira ya atoaye fedha. Na nyumba ile ilisimama baada ya Hulagu kufa, kwa kuwa matumizi yake yalitoka katika mapato ya wakfu, ambayo Tusi alikuwa msimamizi wake. Kinyume chake ni ile iliyojengwa Istanbul kwa ajili ya Taqiyuddin mwaka 1577. Hiyo ilikuwa chini ya hisani ya Sultani peke yake, na mwaka 1580 Sultani yule yule akaamrisha ibomolewe. Twasikitika kusema kwamba tarikhi zawataja wakubwa wa dini katika waliomshauri.

Turudi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilianzishwa shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki, makao yake Unguja, likawa la nchi zetu kwa pamoja. Lilikuwa jambo jema, kwani samaki hajui mpaka wa Kenya na wa Tanganyika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika kwa ugomvi wa wakubwa, na kilichokuwa cha wote kikawa hakina mwenyewe. Kenya ikaanzisha taasisi yake miaka miwili baadaye, na huko Unguja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha yake. Waliovunja Jumuiya walikuwa wakigombania reli na ndege na fedha. Hatudhani hata mmoja wao alikaa siku moja akaifikiri bahari. Ndivyo daftari linavyokufa, halichomwi moto na adui, husahauliwa juu ya meza na watu waliokuwa na shughuli nyingine. Na tusidhani kwamba haya ni ya maskini peke yao. Yule Keeling wa Marekani aliyeanza kupima hewa ya mkaa juu ya mlima Mauna Loa mwaka 1958, kipimo chake kilikatika kwa miezi kadhaa mwaka 1964 kwa kukosa fedha, katika nchi iliyokuwa ikijitayarisha kwenda mwezini.

Na wazee wetu je, hawakuwa na daftari? Walikuwa nalo. Manahodha na wakulima wa pwani hii waliuhesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za gatha juu yake. Kwa hesabu hiyo walijua lini matlai yaisha, lini kusi yakaza, lini jahazi lisitoke, na lini mbegu itiwe ardhini. Hiyo ilikuwa ilimu ya mtazamo mrefu, iliyopokewa kizazi kwa kizazi. Mwaka huo una siku 365 kamili wala hauna siku ya nyongeza, kwa hivyo huteleza siku moja kila miaka minne, na wenye kuujua walijua namna ya kuuangalia. Lakini tazameni kilichotupata: hesabu imetutoka, na yaliyobaki mikononi mwetu ni kuzungusha ng'ombe mjini na matambiko ya siku ya mwaka, ambayo tumekwisha kuyasema mara nyingi kwamba hayana asili katika dini. Tumeshika maganda, kiini kimeanguka. Lau tungalifanya kinyume chake!

Hata matumbawe yenyewe yana daftari lao. Wataalamu walitoboa jiwe la tumbawe hai huko Malindi, wakalisoma kama mti usomwavyo kwa pete zake, wakapata khabari za joto la bahari kwa miaka 194, kuanzia 1801 mpaka 1994. Katika jiwe jingine la huko huko walisoma udongo ulioletwa na mto Sabaki kwa muda wa miaka 300, na humo waonekana wazi ukizidi tangu mwanzo wa karne ya 20, wakati bara ilipoanza kukatwa miti na kulimwa kwa namna mpya. Kiumbe kisicho na ulimi kimeandika bila kuruka mwaka.

Hapa lazima tuseme neno kwa ajili ya wavuvi, maana hawako vikaoni na dhuluma yao hutajwa kwa haraka. Mwaka 1986 sehemu ya bahari ya kaskazini ya kisiwa chetu ilifanywa hifadhi ya taifa ya Mombasa, na ndani yake ikawa marufuku kuvua. Kwa mvuvi wa Nyali au wa Bamburi, aliyerithi mahali pake pa kutegea malema kutoka kwa baba yake, hesabu ya wataalamu ilikuja ikiwa imeshikana mkono na mlinzi mwenye bunduki. Ukimwambia leo kwamba kuhesabu samaki ni amana, atakujibu kwamba hesabu ndiyo iliyomtoa. Wataalamu wasema, na wana ushahidi, kwamba samaki waliopumzishwa ndani ya mpaka hutoka wakavuliwa nje. Hayo twayakubali. Lakini hayaondoi haki ya mtu ya kuambiwa na kuulizwa kabla. Na liko jambo zaidi: hesabu za miaka yote hiyo, kwa sehemu kubwa, zimeandikwa kwa Kiingereza katika majarida ya mbali, na mwenye chombo aliyesaidia kuzipata hajui zilisema nini. Katika sharia yetu kuficha ilimu kwa mwenye kuihitaji ni dhambi kubwa. Haibadiliki kwa kuwa aliyeficha hakukusudia, na alichokifanya ni kuichapa mahali ambapo mwenyewe hawezi kufika. Mshauri yeyote wa vituo vya miaka mia ijayo asiyeanza na jambo hili ajenga juu ya mchanga.

Wala tusiwapendelee wavuvi kupita haki. Tangu kanuni za mwaka 2007 wako wavuvi katika vikundi vya usimamizi wa fuo, na mizani imewekwa bandarini ili samaki waandikwe. Mwenye kumwambia karani kilo ishirini hali ni arubaini, au kuficha juya lake la marufuku, adhani amemkwepa serikali. Huyo ametoa ushahidi wa uongo juu ya bahari, na watakaouamini ni wajukuu zake.

Iko mifano ya uhusiano ulio bora. Kule Gazi, kusini, mikoko ilipandwa na kupimwa na watafiti pamoja na wenyeji kwa miaka mingi, na mwaka 2013 ikaanza kazi iitwayo Mikoko Pamoja, ambapo hekta 117 za mikoko zahifadhiwa, na hewa ya mkaa iliyozuiliwa nayo yauzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo, fedha zikaingia katika maji na skuli ya kijiji. Bila daftari la vipimo hapana mnunuzi angetoa hata senti. (Uhalali wa kuuza kitu hicho, na kama una gharari ndani yake, ni mas'ala yataka ukurasa wake, nasi tutayatazama pekee inshallah.)

Yabaki swala la mali. Chombo cha utafiti cha taasisi yetu, meli iitwayo Mtafiti, tulipewa na Wabelgiji baada ya wao kuitumia. Kupewa si aibu. Aibu ni kwamba mji wenye majumba haya ya ghorofa, wenye arusi za siku saba zimalizazo mali ya miaka saba, usiwe na hata chumba kimoja ambacho kodi yake yalinda kitu kitakachodumu zaidi ya picha za arusi. Hapo zamani watu wa kisiwa hiki waliweka wakfu nyumba na minazi kwa ajili ya misikiti, visima, na taa za njiani. Baadhi ya nyumba hizo katika Mji wa Kale leo zabomoka, na wasimamizi fulani wakusanya kodi ambayo haijulikani huishia wapi. Hatuwataji, wanajijua.

Katika darsa yetu tumeulizwa: Je, mtu akitaka kuiwekea wakfu nyumba ili mapato yake yalipe wenye kuipima bahari, yajuzu? Twajibu kwa kadiri ya ilimu yetu. Zakati haingii humo, kwa sababu wenye kuistahiki wametajwa na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Tawba, makundi manane, na kupima bahari si mojawapo, wala haifai kuwanyang'anya mafakiri fungu lao kwa jina la wajukuu wao. Wakfu ni mlango mwingine. Asili yake ni ile ardhi ya Sayyidna Omar huko Khaibari, aliyoifunga kwa ushauri wa Mtume (S.A.W.), isiuzwe, wala isipawe mtu, wala isirithiwe. Ndiye Omar yule yule wa Sawadi, na rai yake ni moja katika mambo mawili. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameshurutisha kwamba lengo la wakfu lisiwe maasia. Kulinda riziki ya watu wa pwani na kujua lini maji yatawafika milangoni hakuko karibu na maasia.

Ila masharti yaangaliwe. Kitakachowekwa wakfu kiwe nyumba au shamba, wala zisiwe fedha taslimu, kwa kuwa katika kauli yenye nguvu kwetu kitu cha wakfu ni kile kitumikacho na chenyewe kikabaki, na fedha hazitumiki ila kwa kutoka. Vyombo vya kupimia vinunuliwe kwa mapato, maana vyombo huliwa na chumvi na hubadilishwa, na nyumba yabaki. Msimamizi atoe hesabu kila mwaka mbele ya watu, si mbele ya jamaa zake. Kila kipimo kiandikwe katika nakala mbili zikaazo mahali pawili, na nakala moja iwe kwa Kiswahili, ikabandikwa bandarini ambapo wavuvi hushusha samaki. Na wakfu kwetu ni lazima uwe wa milele, usiokatika mwisho wake. Kwa hivyo mwenye kuuandika ataje waziwazi kwamba ikiwa utatokea wakati hapana mtu wa kuipima bahari, kodi iende kwa mafakiri wa Mombasa, na siku atakapopatikana wa kupima, irudi kwake, bila ya kusubiri hukumu ya kadhi wala idhini ya warithi.